MBEGU NI MALI YA NANI?

Sheria mpya za miliki bunifu na mkulima wa Songea

Kila mwaka, mvua za kwanza zinapokaribia kunyesha Songea katika mwezi wa Novemba, swali la kwanza la kila kaya ni mbegu. Shamba lipo, jembe lipo, nguvu ya mikono ipo. Je, mbegu ipo? Mkoa wa Ruvuma ni mmoja wa mikoa inayolilisha Taifa letu kwa mahindi, na maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula yaliyoko Songea ni ushahidi wa jasho la wakulima wake. Kwa hiyo jambo lo lote linaloigusa mbegu huugusa mkoa huu kabla ya kugusa mahali pengi penginepo.

Sasa mbegu imeingia katika vitabu vya sheria kwa namna ambayo wazee wetu hawakuijua. Zamani mbegu ilikuwa mali ya aliyeipanda na kuivuna. Leo yawezekana mkulima akawa na gunia la mbegu nyumbani mwake, aliyoivuna kwa jasho lake mwenyewe katika shamba lake mwenyewe, na hata hivyo akawako mtu mwingine mwenye haki juu ya mbegu hiyo. Jambo hili yafaa lielezwe waziwazi kwa wanachama na kwa wafanyakazi wote, maana haki usiyoijua ni sawa na haki usiyokuwa nayo.

MALI ISIYOSHIKIKA KWA MKONO

Watu wengi wakisikia maneno "miliki bunifu" hufikiri habari za waimbaji na watunzi wa vitabu, au za mashine na alama za biashara. Hudhani kwamba ni mambo ya Dar es Salaam, hayamhusu mtu wa Namtumbo au wa Mpitimbi. Fikira hiyo si sahihi. Miliki bunifu ni haki ya mtu juu ya kitu alichokizalisha kwa akili yake, na mimea nayo imo. Mtaalamu akichanganya maharage ya aina mbili, akachagua na kupanda tena na tena mpaka akapata aina ya tatu iliyo bora kuliko zote mbili, kazi hiyo ni kazi ya akili kama ilivyo kazi ya mtunzi wa kitabu.

Mataifa yalianza kuilinda kazi hiyo zamani. Mwaka 1961 nchi kadhaa za Ulaya zilitia saini mkataba mjini Paris, na kwa mkataba huo ukaundwa umoja wa kimataifa ujulikanao kwa herufi za UPOV. Mkataba huo ulibadilishwa mara kadhaa, na mabadiliko ya mwaka 1991 ndiyo yaliyompa mgunduzi wa mbegu nguvu kubwa zaidi na kumbana mkulima zaidi. Tanzania Bara ilitunga sheria yake ya kulinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea mwaka 2012. Zanzibar ikatunga ya kwake mwaka 2014. Tarehe 22 Novemba 2015 nchi yetu ikawa mwanachama wa UPOV chini ya mkataba ule wa 1991.

Hapa pana jambo la kukumbuka. Chini ya Shirika la Biashara Duniani, nchi zilizo katika fungu la nchi zenye maendeleo duni kabisa, na yetu ikiwamo, zimepewa nafasi ya kutotekeleza masharti ya miliki bunifu mpaka tarehe 1 Julai 2034. Hakuna basi aliyetushika mkono akatulazimisha. Nchi ilichagua yenyewe, kwa kutaka wataalamu wake wapate moyo na mbegu bora zije kwetu kutoka nje. Kwa kuwa ni uchaguzi wetu wenyewe, ni wajibu wetu vilevile kuutazama, na kuurekebisha pale unapombana mtu asiyestahili kubanwa.

HAKI YA MGUNDUZI

Kwanza tumtendee haki mgunduzi. Sheria haimpi mtu haki juu ya mbegu yo yote anayoiokota njiani. Aina anayoiombea ulinzi lazima iwe mpya, yaani haijapata kuuzwa kwa muda uliowekwa. Lazima ipambanuke na aina nyingine zote zinazojulikana. Lazima mimea yake ifanane, na lazima idumu hivyo hivyo kizazi baada ya kizazi. Akishinda mitihani hiyo, hupewa haki kwa miaka 20, na kwa miti na mizabibu miaka 25. Katika muda huo hapana mtu anayeweza kuizalisha mbegu hiyo kwa biashara, kuiuza, kuipeleka nje au kuileta kutoka nje bila ruhusa yake. Muda ukiisha, mbegu huwa ya watu wote.

Haki hiyo si ya kubezwa. Kupata aina moja ya mahindi au maharage huchukua misimu mingi. Watafiti wa Uyole, Ilonga, Naliendele na vituo vingine, ambavyo leo viko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, wamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, aghalabu kwa vifaa haba na mishahara ya kawaida. Mahindi ya Staha na Kilima, chotara za Uyole kama UH 615 na UH 6303, maharage ya Njano Uyole na Uyole 96, yote hayo ni matunda ya jasho lao. Asiyeheshimu jasho la mfanyakazi wa maabara hawezi kudai kwamba anaheshimu jasho la mfanyakazi wa shambani.

Lakini ni vema kuuliza pia jasho hilo lililipwa na nani. Sehemu kubwa ya utafiti wa mbegu nchini umefanywa kwa fedha za umma, na fedha za umma ni kodi na ushuru wa mkulima huyu huyu. Tena mtafiti hakuanza na mikono mitupu. Alianza na mbegu alizozikuta katika vihenge vya wakulima, zilizochaguliwa na akina mama kwa karne nyingi: hili bunzi lenye punje kubwa, hili lililostahimili ukame, hili lisiloliwa upesi na wadudu. Mabunzi hayo yakatundikwa juu ya moshi wa jiko yangojee msimu. Kazi hiyo nayo ilikuwa ugunduzi, ijapokuwa hapana daftari lililoandika majina ya wagunduzi wake.

SHERIA MBILI, MASWALI MAWILI

Katika mazungumzo ya vijijini sheria mbili huchanganywa, na katika mchanganyiko huo hofu huzaliwa. Yafaa tuzitenganishe.

Sheria ya kwanza ni hiyo ya mwaka 2012, ya haki za wagunduzi. Yenyewe huuliza: mbegu hii ni ya nani? Sheria ya pili ni Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003. Hiyo huuliza swali jingine: mbegu hii inayouzwa ni nzima, itaota, ni ile iliyoandikwa kwenye mfuko? Anayesimamia swali hili la pili ni Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI, yenye makao makuu Morogoro.

Sheria ya pili ni ngao ya mkulima. Wako wafanyabiashara wasio na haya wanaochukua mahindi ya kula, wakayapaka rangi, wakayatia katika mifuko mizuri na kuyauza kama mbegu. Aliyeuziwa hajui mpaka mvua imekwisha kunyesha na shamba limebaki wazi, na hapo msimu umepotea, ada ya mtoto imepotea, na deni la pembejeo limebaki. Ndiyo maana mifuko ya mbegu siku hizi hubandikwa lebo ya TOSCI yenye namba ya siri. Mnunuzi huikwangua na kuihakiki kwa simu yake kabla ya kuondoka dukani. Kila mkulima na afanye hivyo, na duka linalomkataza mteja kuhakiki lisiaminiwe.

Lakini mbegu ya asili ambayo mkulima ameirithi, ambayo hapana mtu aliyeisajili, si mali ya mgunduzi ye yote. Sheria ya 2012 haiigusi. Anayeihifadhi na kuipanda tena katika shamba lake hamwibii mtu. Akitaka kuingia katika biashara ya mbegu, hapo ndipo Sheria ya Mbegu humdai kipimo cha ubora. Mtu akitishwa kijijini kwamba mbegu yake ya asili "imekatazwa na Serikali", na ajue kwamba anadanganywa, ama na mtu asiyejua, ama na mtu mwenye mbegu zake za kuuza.

MKULIMA AMEACHIWA NINI?

Swali gumu ni la aina iliyosajiliwa. Mkulima amenunua kilo chache za mbegu yenye mwenyewe, amepanda, amevuna. Je, aweza kuweka sehemu ya mavuno yake iwe mbegu ya mwaka ujao?

Sheria ya 2012 imeacha mlango, lakini mlango huo ni mwembamba. Mtu aweza kutumia aina iliyolindwa kwa matumizi yake binafsi yasiyo ya biashara. Mtafiti aweza kuitumia kwa majaribio na kuzalisha aina nyingine. Ama mkulima, aweza kuhifadhi mavuno yake na kuyapanda tena katika shamba lake mwenyewe, kwa mazao yatakayotajwa na Waziri, tena kwa mipaka inayowekwa na kanuni ili mwenye haki asipunjwe. Maneno hayo yanamtaja mkulima na shamba lake. Jirani hakutajwa. Dada aliyeolewa Mbinga akaja kuomba debe la mbegu hakutajwa. Kikundi cha akina mama wanaobadilishana mbegu baada ya ibada hakikutajwa.

Hapo ndipo sheria iliyoandikwa kwa desturi za Ulaya inapokutana na desturi zetu. Huko mkulima ni mwenye mashamba makubwa anayenunua mbegu dukani kila mwaka. Kwetu mbegu hutembea kwa undugu. Hutolewa kwa harusi, kwa msiba, na kwa jirani ambaye kihenge chake kimeungua. Mtu akimpa mwenzake mbegu hadhani kwamba anafanya biashara, wala hadhani kwamba anavunja haki ya mtu.

Uzito wa jambo hili haulingani katika mazao yote. Kwa mahindi ya chotara, maumbile yenyewe yamekwisha kufunga mlango, kwa maana mavuno ya chotara yakipandwa tena, mimea hutofautiana na mazao hushuka. Mwenye kutaka chotara hununua kila msimu, sheria iwepo isiwepo. Mahindi ya kawaida yasiyo chotara, kama Staha, huweza kurudiwa misimu michache yakichaguliwa vema. Lakini maharage, karanga, ufuta na mpunga hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa, na mbegu yake hubaki ile ile miaka mingi. Muhogo na viazi vitamu hupandwa kwa vipando tu. Mazao haya ndiyo yatakayoonja makali ya sheria, na mengi katika hayo ni mazao ya jikoni, ambayo aghalabu hulimwa na akina mama, yenye mtaji mdogo na wingi wa kugawana. Anayesema kwamba sheria hii haimhusu mkulima mdogo, na apeleke macho katika shamba la maharage.

WENZETU WAMEONA NINI?

Nchi nyingine zimekwisha kuipita njia hii.

Nchini India sheria ya mwaka 2001 iliandikwa kwa namna ya pekee. Ilimpa mgunduzi haki yake, kisha ikasema wazi kwamba mkulima aweza kuhifadhi, kupanda, kubadilishana, kugawana na hata kuuza mavuno yake pamoja na mbegu, mradi asiiuze kwa jina la biashara la mwenye haki. Mwaka 2019 kampuni ya PepsiCo iliwashitaki wakulima wa jimbo la Gujarat kwa kulima aina ya viazi iliyoisajili, ikidai kwa baadhi yao zaidi ya rupia milioni 10 kila mmoja. Wakulima wakasimama pamoja, wakanyosha kidole kwenye sheria yao, na mwezi wa Mei mwaka huo huo kampuni ikaondoa mashtaka. Usajili wa viazi hivyo ulifutwa mwaka 2021, kisha Mahakama Kuu ya Delhi ikaurudisha Januari 2024. Mgunduzi basi hakupoteza haki yake, na mkulima naye alikuwa na silaha ya kujikinga kwa sababu sheria ilimtaja.

Jirani zetu wa Kenya walifuata njia nyingine. Marekebisho ya mwaka 2012 katika sheria yao ya mbegu yaliweka adhabu ya kifungo na faini kubwa kwa kuuza au kubadilishana mbegu zisizothibitishwa. Wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba vifungu vilivyomnyima mkulima uhuru wa kuhifadhi na kugawana mbegu ni kinyume cha Katiba. Ilichukua miaka 13 tangu marekebisho yale mpaka hukumu hiyo, na katika miaka hiyo hofu ilikuwa imekaa katika kila ghala.

Afrika nzima nayo inatembea. Itifaki ya Arusha, iliyopitishwa mjini humo tarehe 6 Julai 2015 chini ya shirika la miliki bunifu la ARIPO lenye makao yake Harare, ilianza kutumika tarehe 24 Novemba 2024. Kwa itifaki hiyo mgunduzi hupeleka ombi moja tu likawa na nguvu katika nchi zote zilizoiridhia. Kwa upande mwingine, itifaki ya miliki bunifu ya Eneo Huru la Biashara la Afrika, iliyopitishwa na wakuu wa nchi Februari 2023, inataka ulinzi wa mbegu mpya uende pamoja na haki za wakulima. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 wa rasilimali za mimea ya chakula, ambao Tanzania imo, huzitaja haki za mkulima waziwazi. Tazama basi: karatasi za mgunduzi tunazo na karatasi za mkulima tunazo. Upungufu ni kwamba za mgunduzi zimegeuzwa kuwa sheria yenye meno, na za mkulima zimebaki maneno mazuri.

SONGEA INAJUA NJAA YA MBEGU

Mji huu umechukua jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 pamoja na mashujaa wenzake. Kila mwezi wa Februari Taifa huwakumbuka katika Makumbusho ya Maji Maji. Lakini katika vita ile ya 1905 hadi 1907 waliouawa kwa risasi na kwa kitanzi hawakuwa wengi kuliko waliouawa kwa njaa. Majeshi ya wakoloni yalichoma mashamba na vihenge, yakijua kwamba watu wasio na akiba ya chakula na mbegu hawawezi kusimama tena. Mkoloni alilijua jambo ambalo baadhi yetu tumelisahau: anayeshika mbegu ya watu ameshika uhuru wao.

Hatusemi kwamba mtafiti wa leo au mwenye kampuni ya mbegu ni mkoloni. Kusema hivyo ni uzushi. Tunasema kwamba katika nchi ya wakulima, mbegu haiwezi kutazamwa kama bidhaa nyingine za dukani.

YAFANYIKE NINI?

Kwanza, mkulima aelezwe sheria kwa lugha yake. Tangu mwaka 2021 Bunge liliamua kwamba lugha ya sheria na ya mahakama iwe Kiswahili. Orodha ya mazao ambayo mkulima anaruhusiwa kuhifadhi mbegu zake, na mipaka iliyowekwa, vibandikwe kwa Kiswahili chepesi katika kila ofisi ya kata ya Ruvuma, na bwana shamba ajue kuvisoma na kuvieleza.

Pili, wabunge wetu walitazame neno hili la kugawana. Mkulima mdogo anayempa jirani yake debe la mbegu, bila kuifanya biashara, atajwe katika sheria kwamba hana kosa. India imefanya hivyo, na wagunduzi wake hawakuacha kugundua.

Tatu, mbegu zilizopatikana kwa fedha za umma zibaki karibu na umma. Taasisi ya umma inapokabidhi aina yake kwa kampuni iizalishe, mkataba uweke masharti ya bei na ya haki ya mkulima kuhifadhi. Mali ya umma haigawiwi gizani.

Nne, vijiji vijiunge kuzalisha mbegu za kuazimiwa ubora. Huo ni utaratibu halali. Wakulima hufundishwa, mashamba yao hukaguliwa, nao huuza mbegu katika maeneo ya karibu na walipoizalisha, kwa bei wanayoimudu wenzao. Vyama vya ushirika vya Songea, Namtumbo na Mbinga vina uwezo wa kuvilea vikundi hivyo.

Tano, mbegu za asili zikusanywe kabla hazijapotea. Kiko kituo cha Taifa huko Arusha kinachohifadhi nasaba za mimea yetu. Kila aina ya ulezi, maharage na mahindi inayojulikana kwa jina la kijiji chake ipelekwe huko na iandikwe, ili kesho asitokee mtu wa mbali akadai kwamba ameigundua yeye.

Kazi hizi si za Serikali peke yake. Balozi wa shina anayewajua watu wake aweza kueleza tofauti ya sheria hizi mbili kwa nusu saa chini ya mwembe. Katibu wa tawi aweza kumwalika ofisa wa kilimo kabla ya mvua badala ya baada ya hasara. Mfanyakazi wa mjini mwenye shamba lake Lilambo au Muhukuru aweza kusoma lebo na kumsomea mwenzake asiyejua kusoma.

Mtafiti apewe heshima yake na malipo yake. Mwuzaji wa mbegu bandia apewe adhabu yake. Na mkulima, ambaye mababu zake waliichagua mbegu hiyo punje kwa punje kabla ya sheria zote hizi, apewe nafasi yake iliyoandikwa, asiishi kwa kuomba huruma. Mvua hainyeshei shamba la mtu mmoja. Sheria nayo na iwe hivyo.